Mchumba Aliyeshuka Kabla ya Dover

Jumamosi ile mtaa wa Alum Rock, mjini Birmingham, ulifurika watu hadi barabarani. Akina mama wa Kipakistani walikuwa wakifunua majora ya vitambaa mbele ya maduka, maembe yamepangwa kwa makasha njiani, na harufu ya kuku wa kuchoma ilikuwa ikiwatia njaa hata walioshiba. Nunu alipita katikati yao kwa haraka, amevaa baibui jeusi, raba nyeupe miguuni na mtandio wa rangi ya chungwa ambao mdogo wake Zainab aliufananisha na taa ya barabarani. Mama yake alikuwa amemwagiza kisamvu.

Katika friji ya duka la tatu ilikuwapo paketi moja tu. Nunu akaishika upande huu, na mkono mwingine ukaishika upande ule.

"Sorry, I was first," Nunu akasema.

Mwenye mkono akaiachia, akanong'ona peke yake, "Sura ya malaika, mkono wa kipanga."

"Kipanga nani?"

Kijana akaruka nusura akanyage kasha la bamia. Alikuwa mrefu, mwembamba, kavaa kofia ya sufu na koti la ngozi lililompwaya mabegani. "Lo! Kumbe wa kwetu! Nisamehe dada, ulimi hauna mfupa."

"Wa kwetu wapi? Wewe wa wapi?"

"Jambiani. Na wewe?"

"Small Heath."

"Small Heath ndiyo shamba gani hilo?"

Nunu akacheka bila kupenda. "Wazee wangu wa Vikokotoni, Unguja. Mimi nimeletwa huku nina miaka sita."

"Na nazi unayo? Maana kisamvu bila nazi ni majani ya mbuzi."

"Ipo ya kopo."

"Basi chukua wewe, mimi sina. Lakini uniletee sahani."

"Nikuletee wapi, na mimi sikujui?"

"Ndiyo maana nakupa namba yangu ya simu. Naitwa Maulid."

Hivyo ndivyo yalivyoanza, mwezi wa Oktoba, mwaka elfu mbili na saba, juu ya paketi ya majani yaliyoganda. Sahani ilikwenda, sahani ikarudi, na baada ya wiki tatu hakuna aliyekumbuka tena habari ya kisamvu.

Maulid alikuwa akiosha magari nyuma ya kituo kimoja cha mafuta na kulala kwenye ghorofa la Castle Vale pamoja na vijana wengine watatu. Nunu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Northfield, na simu yake ililia kila alipokaa kunywa chai.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula baridi. Nimeosha magari kumi na manne, vidole sivisikii. Hebu niambie kitu kitamu vipate moto."

"Vaa glavu."

"Ah, Nunu! Huko ndiko kubembeleza?"

Siku moja ya Jumapili Maulid alimpigia mama yake Jambiani, kisha akamsukumia Nunu simu sikioni bila kumuuliza. "Mkwe wangu," mama akasema kwa sauti kubwa, "huyo mwanangu hapendi kitunguu kibichi, na akikasirika hanuni zaidi ya siku moja. Mchunge." Nunu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kasoro aliyoiona kwa Maulid ilikuwa moja tu: kila Alhamisi asubuhi simu yake ilizimwa, na akiulizwa alijibu, "Kazi."

Penzi ni kikohozi, halifichiki. Wa kwanza kulijua alikuwa mama yake Nunu, Bi Rehana, ambaye macho yake yalikwishaliwa na maradhi ya sukari, akawa anaona vivuli tu. Asubuhi na jioni Nunu ndiye aliyemchoma sindano, kwa sababu mikono ya baba ilitetemeka kila alipoona sindano na mkono wa Zainab mama hakuuamini. Ilikuwa katikati ya sindano Bi Rehana alipouliza, "Huyo kijana anakuja lini kusema na baba yako? Maana wewe siku hizi unanichoma huku unaimba."

Aprili wakaja washenga wawili, kofia zimewakaa sawasawa na haluwa mkononi. Baba yake Nunu, Mzee Abdulnasir, aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya mji, mtu wa maneno machache na kila neno kalipima.

"Mali sitaki," akasema. "Lakini nimeendesha basi miaka ishirini na moja, na watu nimewaona. Mtu humjui mpaka usafiri naye. Njiani ndiko utakapojua kama ana subira, kama anaswali, kama anakula peke yake. Julai nawazungusha watu wangu Ulaya siku kumi. Kijana aje nasi, atanisomea ramani. Tukirudi nitatoa jibu."

Washenga wakacheka, wakasema huo ni mtihani mwepesi. Nunu akakimbilia simu.

"Baba kakubali nusu! Tunakwenda Ubelgiji, Ujerumani, Ufaransa, na wewe umo. Nusu iliyobaki utaichukua mwenyewe njiani."

Kule upande wa pili yakasikika maji ya kuoshea magari tu.

"Maulid? Pasi unayo lakini?"

"Pasi?" Akakohoa. "Ipo."

Hapo ndipo alipoharibu. Angeweza kusema kweli siku ile, akatukanwa, akasamehewa au asisamehewe, mambo yakaisha. Lakini mtu akipenda huwa mwoga, na huyu alijiambia kwamba Julai iko mbali.

Julai haikuwa mbali. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, saa kumi na mbili asubuhi, Maulid alikuwa mlangoni Small Heath, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi na begi dogo mkononi. Akamwamkia mzee, akambusu Bi Rehana mkono, akapakia mizigo yote peke yake kwenye Toyota ya viti saba. Akakaa mbele na ramani magotini. Nunu na Zainab wakakaa nyuma, na Nunu hakuweza kuacha kuiangalia shingo yake.

Walikuwa watu wa furaha asubuhi ile. Bi Rehana alifungua kopo la sambusa kabla hawajafika Oxford.

"Mpe huyo mwanangu wa mbele, asinihesabie."

"Mama, hizi sambusa ni hatari," Maulid akasema. "Nikila ya nne nitawapeleka Wales badala ya Dover."

Mzee Abdulnasir akacheka. Zainab alimkandamiza dada yake mguu, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kucheka kwenye usukani. "He's in," Zainab akanong'ona, kwamba kijana kashakubaliwa. "He's so in." Maulid alikuwa ameichora njia yote kwa kalamu nyekundu, toka mlangoni kwao hadi Paris na kurudi, na kila kituo cha kuswalia amekitilia alama. Mzee aliitazama ramani ile walipokwama kwenye foleni ya London, akatikisa kichwa polepole. "Kazi safi," akasema.

Mwendo mdogo kabla ya Dover wakasimama kujaza mafuta. Mzee akanyoosha mkono. "Haya, kila mtu anipe pasi yake. Nitazishika zote pamoja."

Zainab akatoa yake, Nunu akatoa yake na ya mama.

"Yangu iko chini ya nguo," Maulid akasema. "Nikajisaidie kwanza, nikirudi nitaitoa."

Alishuka na begi lake. Alipofika kwenye mlango wa kioo aligeuka akamtazama Nunu, na Nunu akampungia mkono kwa mzaha. Wakangoja robo saa. Wakangoja nusu saa. Mzee aliingia msalani mwenyewe akatazama, Zainab akazunguka maduka yote, na simu ya Maulid ikawa imezimwa. Ulipotimia muda wa saa moja na nusu, Mzee Abdulnasir aliikunja ramani, akawasha gari.

"Baba, tungoje kidogo."

"Nimengoja mwanangu. Nimengoja zaidi ya nilivyowahi kumngoja abiria yeyote. Meli haitungoji sisi."

Nunu hakulia mpaka walipokuwa katikati ya maji. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kukaa karibu na mama yake.

Mji wa kwanza ulikuwa Bruges, mzuri kama uliopambwa kwa harusi, na Nunu akauchukia palepale. Bi Rehana alitaka kuambiwa kila kitu.

"Kuna nini hapo mwanangu?"

"Mto mwembamba mama, umepita katikati ya nyumba. Nyumba za matofali mekundu, paa zake zimepanda kama ngazi. Kuna bata weupe."

"Wakubwa?"

"Wakubwa."

"Na wewe unawaona kweli, au unanisomea tu?"

Nunu akaanza kumhesabia bata. Mzee alikuwa amenunua viazi vya kukaanga vinavyowapa sifa Wabelgiji, na Zainab alikuwa na kimoja mdomoni Bi Rehana alipopaza sauti, "Muulizeni wanakaangia mafuta gani!" Zainab akaenda kuuliza. Muuzaji akajibu kwa fahari kubwa kwamba ni mafuta ya ng'ombe, kama walivyokaanga babu zake. Kwa kuwa hawakujua huyo ng'ombe kachinjwaje, Mzee akampa babu mmoja wa Kibelgiji aliyekaa kwenye benchi pakiti zote nne, na familia ikala mikate mitamu ya asali kwa chakula cha mchana. Siku nyingine Nunu angecheka mpaka ashike mbavu.

Cologne walikaa siku tatu. Lilikuwapo kanisa refu jeusi lililoshika mbingu, na Nunu akamweleza mama yake mnara kwa mnara, huku mkono wake uko mfukoni umeshika simu isiyolia. Jioni ya pili akampigia Peninah, Mkenya aliyefanya naye kazi Northfield, akammwagia yote.

"Kaniacha, Peninah. Kanikimbia mbele ya baba yangu."

"Wacha kulia kwanza. Nikuulize, hiyo passport yake umewahi iona na macho yako?"

"Sijaiona."

"Na hizo Thursday anazimanga simu, ni kazi gani?"

"Sijui. Anasema kazi."

"Nunu, my dear, mimi niliishi na wasichana wa asylum, hao wanaomba hifadhi, pale Handsworth. Siku moja kila wiki lazima uende usign kwa watu wa uhamiaji, na simu unaacha nje. Huyo mtu hajakuacha. Huyo mtu hana makaratasi!"

Nunu akabaki kasimama mbele ya duka la mikate la Waturuki, watu wakimpita huku na huku. Alimwandikia Maulid ujumbe wa maneno mawili tu: *Huna karatasi?* Simu ikalia kabla hajairudisha mfukoni.

"Nani kakwambia?"

"Si wewe."

"Nunu, nisikilize. Nilijilipua."

Neno hilo linatisha kwa asiyelijua, hasa Uingereza ya miaka ile, lakini halikuwa na bomu. Ndivyo watu wa kwetu walivyosema mtu akifika ugenini, akachana pasi yake na kuomba hifadhi kwa jina la nchi yenye vita. Maulid alikuwa amesema yeye ni Mbajuni wa visiwa vya Kismayu, Somalia. Jamaa aliyempokea alimpa hadithi, na jina pia.

"Jina gani?"

"Dekow."

"Mimi nimpende Dekow? Dekow ndiye nani?"

"Hakuna mtu huyo. Ni mimi mwenyewe. Miaka minne sasa wananihoji, wananiuliza visima vya kisiwa ambacho sijakikanyaga. Sina ruhusa ya kazi wala ya kutoka."

"Kwa nini ulipanda gari la baba? Kwa nini hukusema unaumwa?"

"Nilikusudia kusema naumwa. Nikaamka nikapiga shati pasi. Nikasema, wacha nikae nao mpaka njia iishe. Nilitaka hizo saa chache, Nunu, niwe mtu wa nyumbani kwenu."

"Na mama yako? Yule niliyezungumza naye, umemwandikaje?"

Akakohoa, kama siku ile ya pasi.

"Maulid."

"Nimeandika wazazi wangu wote waliuawa."

Nunu alikata simu. Akainunua mikate ya nyama aliyotumwa, akaibeba mpaka hotelini, na hakumbuki alilipaje.

Alimwambia baba yake Paris, siku ya mwisho, kwenye mkahawa wa Mualjeria mmoja nyuma ya stesheni. Mbele yao palikuwa na sinia la kuskus na mbuzi, chakula cha kwanza cha safari nzima alichokila Mzee Abdulnasir kwa raha. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza washenga. Kisha akaweka kijiko.

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Nimesema naye."

"Na yeye kaandika kwamba kauawa."

"Ndiyo, baba."

"Kukosa karatasi si aibu. Wangapi tumewaficha pale nyumbani? Lakini mtu kumuua mama yake kwa kalamu, apate pa kulala!" Hakumaliza sinia.

Walirudi Birmingham mvua inanyesha. Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, kengele ya mlango ikalia, na Maulid akaingia peke yake, bila washenga, amekonda. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kwenye zulia mbele ya Mzee Abdulnasir. Nunu alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Nimekuja na jina langu. Mimi ni Maulid bin Haji bin Vuai, wa Jambiani. Baba yangu alifariki kwa homa, mama yangu anaishi. Namtaka mwanao."

Sauti ya Mzee ilikuwa ya upole kuliko Nunu alivyotarajia.

"Mimi sitamwozesha mwanangu Dekow. Mbele ya kadhi sitosema fulani bin fulani na wote wawili wakawa hawapo duniani. Nenda kwa hao wenye nchi uwaambie kweli, kisha nenda kwenu. Kamfufue mama yako. Siku nitakayokaa naye mkeka mmoja, nitakupa mkono wa Nunu."

"Nikiondoka sitarudi, mzee. Nimeidanganya serikali, wanasema mlango hufungwa miaka kumi."

"Basi mke humfuata mume. Sisi tutajitazama wenyewe."

"Nimekubali," Maulid akasema, na machozi yakamwagika.

Bi Rehana akapiga vigelegele, mikono inamtafuta mtu wa kumkumbatia na haimpati. Zainab akarukaruka. Ndiyo ya baba, iliyosubiriwa tangu Aprili, ilikuwa imetoka, na Nunu akaenda akashika mikono ya mama yake iliyokuwa hewani. Ilikuwa saa ya sindano. Hakuna mwingine nyumba nzima aliyekumbuka.

Wiki tatu zikapita. Maulid alikwenda akasema kweli mbele ya maofisa, akatia saini ya kurudi kwao kwa hiari, akapewa tarehe. Kila jioni alipiga simu akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimemwambia mama. Kasema atapaka nyumba chokaa. Unataka chumba cha mbele au cha nyuma?"

"Chochote."

"Cha mbele basi, kina upepo. Mbona umepoa, habibti?"

"Nimechoka tu."

Katika wiki hizo Nunu alimfundisha Zainab kuchoma sindano. Alimfundisha siku sita. Siku ya saba Zainab alikosea kipimo, Bi Rehana akazimia juu ya busati, na gari la wagonjwa likaja. Aliporudi kutoka hospitali mama alisema si kitu, mtoto atajifunza. Alisema hivyo huku ameukamata mkono wa Nunu na hauachii.

Asubuhi ya safari walikutana kituo cha mabasi ya mbali, Digbeth. Maulid alikuwa na shati lile jeupe na sanduku moja. Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limekwisha fungua milango.

"Mwezi wa Disemba," akasema. "Kuna baridi huku, utafurahi kukimbia. Njooni wote, mama nitambeba mgongoni."

"Maulid, mimi siji."

Akatabasamu, akidhani mzaha. Kisha akamtazama vizuri.

"Disemba?"

"Siji kabisa. Mama haoni. Zainab alikaribia kumuua wiki iliyopita, mtoto wa miaka kumi na tano. Nikiondoka, baba atakataa kuniita, na mama atakufa akisema si kitu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile baba aliposema ndiyo."

"Siku ile ile! Na ukaniacha niende nikajitie kitanzi? Nimesaini, Nunu. Nimewapa jina langu. Ungesema, ningebaki hapa hapa, tungeibana bana, tungeonana hata kwa wizi!"

"Ndiyo maana sikusema. Ungebaki kuwa Dekow."

Maulid aliliacha sanduku likaanguka. Watu wakageuka. Dereva akaita walio bado, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Sasa mimi ninakwenda kwa nani?" akauliza. "Niambie. Nimepoteza huku, nimekupoteza wewe. Ninakwenda kwa nani?"

Nunu akaliokota sanduku, akampa mkononi. Alikuwa akilia wazi, mbele ya kituo kizima, na hakujifuta.

"Kwa mama yako," akasema. "Yupo hai."